Kupima afasia kwa mtu mzima: LAST, FAST, WAB, Token Test, BAT au CETI?

Mzee analazwa hospitali ya mkoa, Maweni ya Kigoma au Kitete ya Tabora, mkono wa kulia umelegea, mdomo umevutwa upande. Ukimuuliza jina anatoa sauti ileile moja, au anamwaga maneno mengi yasiyoshikana. Kwenye faili panaandikwa "haongei" au "amechanganyikiwa", basi. Maandishi hayo hayamsaidii muuguzi wa zamu ya usiku kujua kama mgonjwa ataelewa akiambiwa asishuke kitandani peke yake. Hayamwambii daktari kama kule kutikisa kichwa kulikuwa ridhaa kweli. Na binti yake, aliyetoka naye Kaliua kwa treni, ataendelea kumpigia kelele sikioni akidhani baba amekuwa kiziwi.

Hiyo inaweza kuwa afasia, yaani lugha kuharibika kwa sababu ubongo umeumia. Vipimo vya afasia kwa watu wazima ni vingi, na karibu vyote vinavyotajwa sana vilitungwa Ulaya na Marekani, kwa watu waliokaa darasani miaka mingi. Hapa tunaviweka sita sambamba, na kila kimoja tunakiuliza swali moja: kikifika mbele ya mgonjwa anayeongea Kiha au Kinyamwezi nyumbani na Kiswahili sokoni, kinabaki kupima nini?

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa wodi nyingi za mikoa hii miwili, anza na LAST, malizia na CETI kwa ndugu. FAST iwe ya wanaosoma. WAB itumike pale tu ambapo kuna mtu atakayemfuatilia mgonjwa kwa miezi. Na alama ya mpaka, ile inayosema huyu ana afasia na huyu hana, isibebwe kutoka lugha moja kwenda nyingine kama mzigo wa gunia.

| Kipimo | Muda | Alama | Kusoma na kuandika | Kinachokupa |
|---|---|---|---|---|
| LAST | dakika 2 hivi | 15 | hakuna | kama kuna dalili za afasia |
| FAST | dakika 3 hadi 10 | 30 | alama 10 kati ya 30 | dalili za afasia, pamoja na kusoma na kuandika |
| WAB-R, sehemu ya kwanza | dakika 30 hadi 45 | 100 | hakuna kwenye jumla ya AQ (namba ya ukali) | aina ya afasia na ukali wake |
| Token Test fupi | dakika 10 hivi | 36 | hakuna | tatizo dogo la kuelewa lililojificha |
| BAT | saa moja hivi kwa kila lugha | haina jumla moja | kupo | lugha ipi imeumia zaidi |
| CETI | mazungumzo na ndugu | wastani wa 0 hadi 100 | hakuna kwa mgonjwa | mawasiliano ya nyumbani |

Kabla ya kushika karatasi yoyote

Pima sukari. Sukari ikishuka sana mtu hupoteza maneno, hata hulegea upande mmoja kama mwenye kiharusi, na ikipandishwa maneno yanarudi. Mgonjwa mwenye homa kali, aliyetoka kwenye kifafa saa chache zilizopita, au anayesinzia katikati ya swali, usimpime lugha. Andika "haijapimika leo" na urudi kesho. Alama iliyochukuliwa kwa mtu asiye macho sawasawa hubaki kwenye faili na kumfuata miezi.

Sugua vidole vyako karibu na kila sikio uone kama anageuka. Uliza miwani iko wapi. Mara nyingi imebaki nyumbani, na ndugu anayeleta uji jioni anaweza kuileta. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio wenye lugha, kinaweza kuondoa nusu ya kulia ya anachokiona mgonjwa. Kwa hiyo picha na vitu vipange kwa safu ya kushuka, katikati au kidogo kushoto kwake, usivitandaze kwa mapana. Kosa hili dogo limefanya watu wengi waonekane hawaelewi, kumbe kitu chenyewe hawakioni.

Kisha tenganisha mambo matatu ambayo wodini huitwa kwa jina moja la "ulimi mzito". Disathria ni udhaifu wa misuli: maneno ni sahihi, mpangilio ni sahihi, ila yanatoka yamelegea, na kama mgonjwa anajua kuandika ataandika sawasawa. Apraksia ya usemi ni kushindwa kupanga mwendo wa mdomo: mwambie arudie "pa-ta-ka" mara kadhaa, utaona midomo inatafuta pa kwenda na kosa linabadilika kila akijaribu, lakini akihesabu moja hadi kumi anaweza kuteleza vizuri tu. Afasia imo ndani ya lugha yenyewe: kupata neno, kuelewa, kurudia, kusoma, kuandika. Mgonjwa anaweza kuwa nazo zote tatu kwa pamoja.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: kipimo cha lugha hakisemi lolote kuhusu kumeza. Aliyepata alama zote bado anaweza kupaliwa na maji, kwa hiyo kumeza kupimwe peke yake.

LAST na FAST: vipimo vya dakika chache

LAST, yaani Language Screening Test, ilichapishwa Ufaransa mwaka 2011 na timu ya Constance Flamand-Roze. Ina mafungu matano: kutaja picha alama 5, kurudia alama 2, kuhesabu moja hadi kumi alama 1, kutambua picha inayotajwa alama 4, na kutekeleza maagizo alama 3. Huko ilikotungwa, anayepungukiwa hata alama moja anatiliwa shaka. Uzuri wake ni aina tatu. Haina kusoma wala kuandika. Ina matoleo mawili, A na B, kwa hiyo ukirudia baada ya siku tatu mgonjwa hajibu kwa kumbukumbu. Na inamalizika kabla hajachoka, maana aliyepata kiharusi juzi huchoka kwa dakika tano.

FAST ni Frenchay Aphasia Screening Test, ya Pamela Enderby na wenzake, Uingereza, 1987. Angalizo: si ile FAST nyingine ya uso, mkono, usemi na muda inayofundishwa kwa ajili ya kutambua kiharusi haraka. Majina yamegongana, na mtu akikuambia "nimemfanyia FAST" muulize ipi. Hii ina kuelewa alama 10, kueleza alama 10, kusoma 5, kuandika 5. Mgonjwa anaonyeshwa picha ya mto na kadi ya maumbo, anaelekezwa aguse hiki kisha kile, anaieleza picha, halafu anataja wanyama kwa dakika moja. Mpaka wake wa asili ni 27 kwa wenye miaka hadi 60, na 25 kwa waliozidi hapo.

Ukiviweka bega kwa bega, FAST inaonekana tajiri zaidi, na kwa mwalimu mstaafu wa Kasulu ni kweli. Utapata kusoma na kuandika kwake, mambo ambayo LAST haiyagusi kabisa, na kuna wagonjwa ambao maandishi ndiyo yaliyoumia kuliko yote. Lakini kwa bibi asiyesoma kutoka Uyui, alama 10 zimeondoka kabla ya kuanza. Akijibu yote mengine bila kosa ana 20, na 20 inamwita mgonjwa wa lugha. Tena zile kadi za maumbo zinadai maneno ya darasani: mraba, nusu duara, mstatili. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na neno "mraba" hawezi kulipoteza.

Usidhani pia kwamba kila mzee hasomi. Serikali iliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wapo waliojifunza kusoma wakiwa wakubwa kupitia kampeni za miaka ile. Swali la kuuliza ndugu ni "mara ya mwisho mlimwona akisoma au akiandika ni lini, na alikuwa anaandika nini?" Aliyekuwa anasaini tu usimpime kuandika sentensi. Na aliyepooza mkono wa kulia akiandika kwa kushoto, herufi zitakuwa mbaya. Hesabu maneno yaliyokosewa, herufi mbaya ziache.

LAST nayo ina mahali pa kuangalia ikiletwa kwenye Kiswahili. Fungu la kurudia linadai neno moja la silabi nne na sentensi ya silabi 15. Kwa Kifaransa silabi nne ni neno refu. Kwa Kiswahili ni neno la kila siku, kwa hiyo chujio limepanuka matundu. "Parachichi" linatosha kuhesabiwa lakini halikamui. Tungependelea neno la silabi tano au sita lisilo na silabi zinazojirudia. Kwa sentensi, "Mama aliwauza samaki wote wa jana" ina silabi 15 kamili, na mtu wa Ujiji hana haja ya kuifikiria. Fungu la maagizo lina agizo la kuonyesha dari. Nyumba nyingi hazina dari, zina bati tu, basi sema "onyesha juu" na sema hivyohivyo kwa kila mgonjwa. Maagizo ya mkono yafanywe kwa mkono wenye nguvu.

Makosa ya mpimaji ndiyo yanayoharibu zaidi vipimo hivi vifupi. Anasema "toa ulimi" huku naye anautoa wake. Anasema "inua mkono" huku anautazama. Mgonjwa anaiga, anapewa alama, na kwenye faili panaandikwa "anaelewa". Kaa mikono mapajani, mtazame usoni, sema agizo mara moja, subiri. Na usijenge hukumu kwenye "fumba macho" na "simama" peke yake. Amri za mwili mzima hubaki hata kwa mtu ambaye uelewa wake wa maneno umevunjika vibaya.

WAB: ukitaka kujua aina na ukali

Western Aphasia Battery ni ya Andrew Kertesz, 1982, ikafanyiwa marekebisho 2006 na kuitwa WAB-R. Inakupa kitu ambacho vipimo vifupi havikupi: namba moja ya ukali, AQ, na jina la aina ya afasia. Hesabu yake ni hii. Usemi wa kawaida alama 20, nusu kwa maudhui na nusu kwa ufasaha. Kuelewa alama 10, kurudia 10, kutaja 10. Jumlisha, zidisha kwa mbili. Mgonjwa mwenye maudhui 6, ufasaha 4, kuelewa 7.5, kurudia 4.5 na kutaja 5 ana 27, AQ yake ni 54. Kati ya 51 na 75 ni ukali wa wastani. Chini ya 93.8 ndipo kwenye mpaka wa afasia kwa waliopimwa huko ilikotungwa. Ufasaha wa 4 kushuka chini, kuelewa kuanzia 4, kurudia chini ya 8: hiyo ni afasia ya Broca. Angekuwa na ufasaha wa 7, kuelewa 4 na kurudia 3, ingekuwa ya Wernicke.

Tofauti hiyo ina uzito wodini. Mwenye afasia ya Wernicke anaongea sana, kwa lafudhi yake ya kawaida, maneno yasiyoeleweka, wala hajui kwamba hatumwelewi. Mara nyingi mkono na mguu vina nguvu. Kwa kuwa hakupooza, hakuna anayewaza kiharusi; anaonekana amerukwa na akili, na anaweza kupelekwa kwa matatizo ya akili au kwa mganga huku saa za matibabu zikipita. Ukimsikia mtu aliyeanza ghafla kuongea hivyo, mpe kipimo cha kutaja na kurudia kabla ya kuandika "amechanganyikiwa".

Sasa Kiswahili kikiingia kwenye WAB, mambo manne yanaachia, na kila anayetafsiri ajihadhari nayo.

La kwanza ni urefu wa sentensi. Kiwango cha ufasaha, kwenye WAB na kwenye kipimo kingine cha afasia kiitwacho Boston pia, kinasikiliza mgonjwa anaunganisha maneno mangapi kwa mkupuo. Kwa Kiswahili "amemwangukia" ni neno moja lenye mtenda, wakati, mtendwa na uhusiano wake. Ukihesabu maneno, aliyesema hilo anapata sawa na aliyesema "anguka". Hao si wagonjwa sawa hata kidogo. Hesabu viambishi: je, ana nafsi, ana wakati, ana mtendwa, na vinakubaliana na nomino aliyoitaja? Mgonjwa anayesema "mtoto... maji... anguka" amepoteza kitu ambacho hesabu ya maneno haikioni.

La pili ni kidokezo cha sauti. Mgonjwa akishindwa kutaja kitu, mpimaji anamruhusu akiguse, kisha anampa mwanzo wa neno. Jibu sahihi ni alama 3, lenye kosa la sauti linalotambulika ni 2, lililohitaji kidokezo ni 1. Lakini kijiko, kikombe, kisu, kitana, kiatu: ukimwambia "ki..." umempa nini? Ni ngeli tu. Ama toa silabi mbili, "kiji...", ama chagua vitu visivyo na kiambishi hicho kama nyundo, sahani na kufuli. Chagua njia moja, iandike juu ya karatasi, na wote wodini waifuate.

La tatu ni maswali ya ndiyo na hapana. Mengine yanauliza mpangilio wa miezi, kwa mfano kama Machi huja kabla ya Juni. Anayesema "mwezi wa tatu" na "mwezi wa sita" anajibu kwa kuhesabu tu, kwa hiyo swali limekuwa jepesi. Kubwa zaidi ni swali la kukanusha. Ukimuuliza "hujala?" na hajala, jibu sahihi kwa Kiswahili ni "ndiyo". Mpimaji aliyefundishwa kwa karatasi ya Kiingereza anaweka alama ya kosa. Maswali yote yawe ya kukubali: "umekula?" Na yapange yachanganyike, maana kuna wagonjwa wanaosema "eeh" kwa kila kitu, akipata nusu sawasawa amebahatisha.

La nne ni sentensi za kurudia. Tungo zilizojaa maneno madogo zimewekwa ili kumbana mgonjwa asiyeweza kushika vijineno visivyo na picha kichwani. Ukitafsiri maana umekosa shabaha. Tunga yako yenye kazi ileile, mfano "wala huyu wala yule ila wewe".

Vitu vya kutaja vya WAB ni vitu halisi, na hilo ni jema, kwa sababu picha za mistari zinamsumbua asiyezizoea. Vitandaze juu ya kitambaa kimoja cheupe, kimoja baada ya kingine. Sikiliza kosa lenyewe, usiandike tu kwamba amekosa. Mwonyeshe ufunguo. Akisema "kufuli" amekosa jirani wa maana. Akisema "ungufuo" neno analo, sauti zimepindana. Akisema "kile cha kufungulia mlango" anajua kitu na kazi yake, neno halitoki. Akisema "tembere", neno lisilokuwepo, hiyo ni habari nyingine. Andika walichosema herufi kwa herufi. Karatasi yenye makosa manne tofauti ina thamani kuliko alama iliyojumlishwa.

WAB ina bei, inauzwa na Pearson, na tafsiri inahitaji ruhusa. Ina pia toleo fupi la kitandani la dakika 15 hivi, ambalo kwa hospitali ya mkoa linafaa kuliko lile refu. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini, na bila wa kumfuatilia mgonjwa, AQ ya 54 inabaki namba tu.

Token Test: kwa yule anayesemekana mzima

Kuna mgonjwa anayepata LAST 15 kati ya 15, anasalimia, anacheka, na mke wake anasisitiza hayuko sawa. Msikilize mke. Token Test ya De Renzi na Vignolo, 1962, ilitungwa kwa ajili ya watu hao. Toleo fupi la 1978 lina maagizo 36; chini ya 29 ni shaka. Vifaa ni vipande 20: maumbo mawili, ukubwa wa aina mbili, rangi tano. Kadibodi na rangi vinatosha, vikubwa sentimita 4, vidogo sentimita 2.

Kwa Kiswahili kuna mtego mzuri hapa. Duara jekundu, mraba mwekundu. Upatanisho wa ngeli tayari umemwambia umbo: aliyepitwa na neno "mraba" anaokotea kwenye "mwe". Dawa ni kuyapa maumbo yote mawili majina ya ngeli moja. Cha mviringo kiite kifuniko, cha pembe nne kibao, basi "gusa kifuniko kikubwa chekundu" na "gusa kibao kikubwa chekundu" hayavujishi kitu. Unabaki mwanya mdogo kwenye rangi, kwa sababu cheusi, cheupe na chekundu ni neno moja, ilhali njano na kijani hudai "cha". Huo hauzibiki. Anza kwa kumtambulisha kila kipande na jina lake, kwa wote.

BAT: lugha ipi kwanza?

Bilingual Aphasia Test ya Michel Paradis ilitoka 1987. Matoleo yapo kwa lugha zaidi ya 60, na hupatikana bure kupitia Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Sehemu A ni maswali 50 juu ya historia ya lugha za mgonjwa: alianza na ipi, alisoma kwa ipi, anasali kwa ipi, anagombana kwa ipi. Sehemu B hupima lugha moja moja, na majaribio yake hayakutafsiriwa tu, yametungwa upya kwa kila lugha. Sehemu C inapima kutafsiri kati ya lugha mbili.

Sehemu B ni ndefu mno kwa wodi. Sehemu A, au hata maswali yake kumi, iwe ya kila mgonjwa. Lugha hazirudi kwa kanuni moja. Ribot mwaka 1881 alidai ya utotoni hubaki, Pitres mwaka 1895 akadai iliyotumika zaidi hurudi kwanza, na wagonjwa wapo wa kila upande. Mara nyingi zote zinaumia na kupona kwa pamoja, lakini huwezi kujua bila kupima zote. Mnyamwezi aliyekaa kimya mbele ya Kiswahili chako anaweza kuitikia "mwangaluka" na kuendelea. Usifurahi haraka, maana salamu, hesabu, dua na matusi ni maneno ya mazoea na hutoka hata pale lugha ilipokatika. Mpe kutaja vitu kwa Kinyamwezi ndipo ujue. Wagonjwa wa kambi ya Nyarugusu wanaweza kuja na Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kongo, na mpimaji akidhani kila tofauti ya Kiswahili chao ni kosa atampa mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kwenye kutaja wanyama kwa dakika moja, hesabu wa lugha zote.

Mkalimani ni ndugu, na ndugu ana huruma. Mgonjwa anatamka kitu kisichoeleweka, ndugu anasema "anasema ana njaa". Mwelekeze kabla: "Mama, nitafsirie neno kwa neno, hata kama halina maana, na usimsaidie." Mkalishe nyuma ya bega la mgonjwa, asionekane.

CETI: ndugu ndiye anayejaza

Communicative Effectiveness Index ya Lomas na wenzake, 1989, haimgusi mgonjwa kabisa. Ina hali 16 za maisha: kumvuta mtu amsikilize, kujibu ndiyo au hapana kwa usahihi, kushiriki mazungumzo ya watu wengi, kueleza jambo kwa kina. Kwa kila moja ndugu anaweka alama kwenye mstari wa sentimita 10, kutoka "hawezi kabisa" hadi "kama kabla hajaugua". Wastani wa zote ndio alama.

Mstari mtupu unawachanganya watu wasiouzoea. Punje kumi za maharage mezani zinaeleweka mara moja: "Zamani angeweza zote kumi. Sasa zimebaki ngapi?" Ajaze mtu anayelala nyumba moja naye, sio aliyekuja kutoka Dar es Salaam juzi, na mara ya pili ajaze yuleyule. Kosa la kawaida ni ndugu kupandisha alama akiona tumaini, kwa hiyo kwa kila hali mwombe mfano wa wiki hii.

Kwa anayerudi Uvinza au Sikonge na huenda asionekane tena kliniki hadi miezi mitatu, hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote. Kinaonyesha nini cha kufanyia kazi nyumbani, na kinaweza kurudiwa kwa simu.

Mpaka wa kwenu, na barua ya rufaa

Kipimo chochote ukikitafsiri, tafuta mpaka wako. Chukua watu wazima wenye afya wasiopungua 20, walinzi na wasindikizaji wa wagonjwa wanatosha, nusu wawe hawasomi, umri ufanane na wa wagonjwa wenu. Wapime kwa kipimo kilekile, panga alama kutoka juu hadi chini. Kwa watu 20, alama ambayo ni mmoja tu yuko chini yake ndiyo mpaka wa kuanzia. Kwa watu 40 itaaminika zaidi. Wasiosoma wawe na mpaka wao. Kazi yote hii ya LAST haizidi siku mbili za mtu mmoja.

Pima kwa LAST siku ya kwanza mgonjwa akiwa macho sawasawa, rudia toleo la pili siku ya kuruhusiwa, kisha baada ya wiki sita na miezi mitatu, kwa kuwa lugha hubadilika kwa kasi zaidi katika miezi hiyo. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Bugando au Muhimbili, neno "afasia" peke yake lisitumwe. Barua iseme hivi: "LAST toleo A kwa Kiswahili, siku ya 2, alama 6 kati ya 15: kutaja 1, kurudia 0, kuhesabu 1, kutambua 3, maagizo 1. Kwa Kinyamwezi alitaja vitu 3 kati ya 5. Kosa la ufunguo: kufuli. Hakuwahi kusoma. Anatumia mkono wa kulia, sasa hauna nguvu. Miwani haipo. Sukari wakati wa kupima ilikuwa kawaida. Ametafsiri mwanawe wa kiume, neno kwa neno."